Malkia Hakuwa na Mtoto

Al Khuwair, Maskati

Kwa mdogo wangu mpenzi, Azzam bin Marhoon,

Assalaam alaykum wa rahmatullah. Namwomba Mola barua hii ikufikie u mzima, wewe na mkeo Lamya na wale wanao wanaoniletea kila wiki picha za meno yaliyowang'oka. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila joto mwaka huu limekuja mbio na kiyoyozi cha chumbani kwa Baba kinanguruma mchana kutwa. Mwanangu Noof hatimaye amefaulu mtihani wa kuendesha gari. Mwombee dua, na uwaombee na wenye magari wengine.

Utashangaa nimekaa kuandika barua na simu ipo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu wewe hunikata kauli. Nikianza sentensi, wewe umeshaimalizia, tena kwa jibu lako. Barua huwezi kuirukia. Nimempa Alaa, mtoto wa jirani yetu, anayekuja Unguja harusini, na nimemsisitiza akutilie mkononi. Isome mpaka mwisho kabla hujanipigia.

Umeniomba pasipoti ya Baba umkatie tiketi. Unataka aje aione nyumba aliyozaliwa, ambayo sasa ni nyumba ya wageni, na umeshapatana na mwenyewe akupe ghorofa nzima ya juu. Najua unafanya kwa mapenzi. Lakini pasipoti ninayo kabatini kwangu na sitaileta. Si uchoyo, wala si ile tabia yangu unayoisema ya kumfanya Baba mali yangu peke yangu. Nina sababu, na sababu yenyewe inaanzia mbali, kwenye kasri.

Unaikumbuka hadithi ya kasri. Tulilijua kasri la wafalme wa Serbia kabla hatujaijua njia ya kwenda Nizwa, mji wa hapa hapa kwetu. Baba alikuwa akisoma Belgrade, na siku za mapumziko alikuwa akijipatia chochote kwa kuwatembeza wageni wa Kiafrika na Kiarabu waliokwenda mikutanoni. Aliwaonyesha yale makasri ya katikati ya mji na kuwaeleza kwamba yote yalianza na nyumba ya tajiri mmoja aliyekausha kinamasi akajenga juu yake. Watawala wakaipenda nyumba, wakaichukua, ikawa makao yao. Baadaye mfalme mmoja akajenga kasri kubwa ubavuni mwake, na ukoo uliokuja kutawala ukajenga jingine mkabala, na katikati ikawa bustani. Wafalme walipoondoka, moja likawa baraza la mji, na wageni wakipokelewa humo kwa maua na hotuba.

Ile nyumba ya kwanza, Baba alikuwa akiieleza kwa sauti ya chini. Mwaka 1903 maofisa wa jeshi waliingia humo kumtafuta mfalme Aleksandar na malkia Draga. Taa zikazimika. Mfalme na mkewe wakajificha katika chumba kidogo nyuma ya chumba cha kulala, mlimokuwa mkipigwa pasi nguo za malkia, na mlango wake ulibandikwa karatasi ileile ya ukutani hata ukipita huuoni. Wakatafutwa kwa mishumaa. Mwisho wakaitwa, wakatoka, wakauawa, na maiti zao zikatupwa bustanini kwa dirishani. Mwaka uliofuata nyumba ikavunjwa mpaka msingi. Sasa ni majani tu baina ya makasri mawili, na watu hukaa hapo na watoto wao wakila aiskrimu. Baba alikuwa akiwaambia wageni waangalie wanapokanyaga, maana wamo chumbani kwa watu.

Na ndani ya kile chumba kidogo, Azzam, palikuwa na mtoto. Unamkumbuka? Maofisa walipoita nje, mfalme na malkia walinyamaza kimya, lakini mtoto akaitikia, ndipo wakajulikana walipo. Wewe ulikuwa ukiruka kitandani kwa hasira, ukisema yule mtoto mjinga, mjinga kabisa, na mimi nikikuunga mkono. Baba alikuwa akicheka na sisi. Akisema ni kweli, mtoto yule alikuwa mjinga.

Tangu maradhi haya ya kusahau yamshike, mengi yamemtoka, ila kasri halijamtoka. Nathubutu kusema amehamia humo. Kila baada ya sala ya adhuhuri alikuwa akiingia katika stoo ya chini ya ngazi, tunamopigia nguo pasi, akajifungia, akakaa chini baina ya kanzu zilizotundikwa. Nikimgongea, huniuliza kwa mnong'ono kama wameshaondoka. Namjibu wameshaondoka. Basi hutoka kwa hadhari, akachungulia sebule nzima, na kesho yake hurudi tena. Unanijua mimi si mwoga, nimeshafukuza nyoka kwa fagio. Lakini nyumba hii ilinigeukia. Nilijikuta nanong'ona na mimi, nikitembea kwa vidole kwenye vigae vyangu mwenyewe nilivyovinunua. Mchana mmoja nilisikia mtu anaita getini, nikafungua, hapana mtu, barabara nyeupe kwa jua hata paka hayupo. Nilifunga, nikatia na komeo.

Kisha ukaleta ile video yako. Umesimama mbele ya mlango wa nyumba ya Unguja, unacheka, unagonga na kuita kwa sauti hodi, hodi wenyewe. Nilimpa Baba simu aitazame, nikidhani atafurahi. Baba alijiziba mdomo kwa mikono miwili, Azzam, akajikunja kitini, na mkojo ukamtoka. Sikuweza kuiondoa mikono ile. Nilikuwa bado nalia huku nikimvuta vidole pale alipoingia Vesna.

Vesna ni yule mama wa Kiserbia wa zahanati moja ya Qurum anayekuja kumnyoosha goti. Baba anampenda kwa sababu anazungumza naye Kiserbia, na Vesna husema Baba anakizungumza kama wazee wa zama za babu yake. Alimkalia karibu, akamsemesha pole pole mpaka mikono ikashuka, na Baba akaanza kumsimulia kasri. Vesna alisikiliza kwa adabu mpaka Baba alipofika kwa mtoto. Hapo alinigeukia, akaniomba radhi kwanza, akasema hataki kumkosoa mzee, lakini malkia yule hakuwa na mtoto. Kila aliyesoma shule kwao analijua hilo. Malkia hakujaaliwa, ilitangazwa kwamba ana mimba, madaktari wakaja kumpima hapana kitu, mji mzima ukacheka, na lile nalo lilizidisha chuki. Mtoto, akasema, hajapata kumsikia.

Baba alisikia. Akaniita Masouda. Unajua siku nyingi sasa ananichukulia kuwa ni marehemu Shangazi Masouda, dada yake, na mimi nilikwisha zoea. Akaniambia, "Masouda, hebu mwambie bibi huyu. Mtoto alikuwamo. Si nawe ulikuwamo?"

Nilimuuliza tulikuwamo wapi. Akanieleza, mara hii kwa Kiswahili, naye akitazama mlango wa stoo. Sitakuandikia kila neno kwa sababu mkono unakataa. Ilikuwa Januari ya 1964, siku za mapinduzi, asubuhi, katika nyumba hiyohiyo ya Unguja. Walijificha juu, katika chumba kidogo cha kupigia pasi nyuma ya chumba cha Bibi: Babu Jaifar, Bibi, Shangazi Masouda, na Baba akiwa mtoto anayesoma darasa la pili. Watu wenye silaha walipanda ngazi, wakamtanguliza jirani, yuleyule aliyemfundisha Baba kupanda baiskeli. Baba anasema huenda na yeye alitiwa bunduki mgongoni, hakupata kujua. Jirani akaita hodi. Wakanyamaza. Akangoja, akaita tena. Wakanyamaza.

Wewe unajua Bibi alivyowalea watu. Hodi isiyoitikiwa kwake ilikuwa aibu kuliko tusi, na Baba alishafinywa masikio kwa hilo. Na unajua pia ada yetu kwamba mtu akiita mara ya tatu asijibiwe, hugeuka akaenda zake. Baba anasema jirani aliita taratibu sana, kama mtu anayeomba asiitikiwe. Akaita ya tatu. Na Baba, ambaye sauti ile aliipenda, akaitikia, "Karibu."

Babu alitoka peke yake. Akawaambia waliobaki ndani ni mke na watoto, akawaombea, na kweli hawakuguswa. Yeye walikwenda naye, hakurudi. Lile tuliloambiwa maisha yetu yote, kwamba Babu alifia melini akazikwa baharini, lilikuwa neno la Bibi, na Bibi alilitunga kwa ajili ya mwanawe. Hakuna aliyemlaumu hata siku moja. Hawakulitaja kabisa, si Bibi wala Shangazi, mpaka wakaingia kaburini. Na Baba akalibeba mpaka Belgrade, akakuta hadithi ya kasri lenye chumba kama kile, akamweka humo yule mtoto aliyekuwa yeye mwenyewe. Nikikumbuka sisi wawili tulivyokuwa tukimtukana mtoto yule kitandani, natamani ardhi inimeze.

Sasa nikwambie nililolifanya, na ndilo hasa lililonikalisha niandike.

Tangu siku ile Baba aliacha kuuliza kama wameondoka. Akawa ananiuliza, "Masouda, nani kaitikia?" Mara ngapi kwa siku, Mungu ndiye ajuaye. Nilimwambia ulikuwa mtoto. Nilimwambia ni kudra. Nilimwambia Babu alikusamehe palepale. Hulia, akatulia, akasahau, kisha akauliza tena, na kila nikimjibu hulisikia jambo lile upya kama ndio kwanza linatokea. Nilikuwa nikimchinja na kumchinja. Ijumaa moja baada ya chakula, akiwa mle stooni, akauliza tena, nikasikia mdomo wangu unamjibu kwamba ni mimi. Mimi Masouda ndiye niliyeitikia, si yeye. Yeye alinyamaza kama alivyoambiwa.

Najua nimemsingizia maiti, tena mwanamke aliyetulea kwa haluwa na dua. Namtolea sadaka, na kwa Mungu nitajibu mwenyewe. Baba alinitazama muda mrefu. Kisha akashusha pumzi ambayo nadhani aliizuia tangu utoto. Akatoka stooni kwa miguu yake na hajaingia tena. Usiku analala. Vesna akija humsimulia kasri, na mle chumbani sasa wamo mfalme na malkia tu, kama ilivyo vitabuni.

Lakini Azzam, mtu aliyesahau kwamba Mama amekufa, anayesahau kama amekula, hili hakulisahau. Chakula nikimpelekea mimi hali. Nikiingia, hugeukia ukutani. Amemwambia Vesna kwa lugha yao asimwache peke yake na mwanamke huyu, kwani ndiye aliyemtoa baba yake. Kwangu ana neno moja tu, kwamba ningenyamaza. Nilijidanganya kuwa haitaniuma kwa sababu anayemchukia ni Masouda. Inaniuma. Uso anaougeuzia mgongo ni wangu, na mimi ndiye mwanawe.

Nikimwambia kweli atarudi chini ya ngazi, na hilo silifanyi hata nife. Kwa hiyo tiketi usimkatie yeye, jikatie wewe. Njoo umlishe, mkononi mwako atakula. Ukifika usigonge wala usiite, mlango utaukuta wazi, ingia tu. Wewe ni mwepesi wa kunitetea, na ninakupenda kwa hilo, ila safari hii usinitetee. Akinisema vibaya, mwitikie.

Msalimie sana Lamya, na wabusu watoto mmoja mmoja. Noof anakupa mkono, na Vesna, ambaye hakujui, ananihimiza nikwambie uje upesi. Jana nilipokuwa namwekea Baba maji mezani aliniuliza bila ya kunitazama, Rahila yuko wapi, mbona mwanangu haji kunitazama. Nikamwambia yuko kazini, atakuja.

Wassalaam,

Ni mimi dada yako,
Rahila binti Marhoon