Tulisema Evarista ni Mzima

Soweto, Mbeya,
11 Juni 2024.

Mpendwa wifi Veneranda,

Habari za Iringa? Watoto hawajambo? Na lile goti lako limetulia, au bado mnagombana? Sisi huku baridi imetukamata kwelikweli. Nimejaribu kukupigia mara mbili nikuambie lililo moyoni, nikaishia kukuuliza bei ya nyanya. Bora niandike.

Ni Evarista wetu. Mimba yake imefika miezi minane. Mkwe wetu, Mama Anyelwisye, alishapanga kumpeleka kijijini kwao, juu huko nyuma ya Mbalizi, maana kwao mtoto wa kwanza hupokelewa na mikono ya bibi mzaa baba. Wajukuu sita amewapokea hivyo, wote wazima. Kutoka huko hadi hospitali ni saa mbili, kama gari lipo.

Ninachokiogopa unakijua. Ile pikipiki iliyomgonga na kumvunja nyonga akiwa kidato cha pili, akiishi kwako. Wiki sita kitandani, wewe ndiye uliyemgeuza. Na siku ya posa mshenga alipouliza kama binti ana tatizo lolote, wewe kama shangazi ulijibu kwamba ni mzima. Mimi nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimeshamkanya asichechemee mbele za watu, na harusini nikamvisha viatu vya chini.

Sikulaumu, wifi. Langu ni kubwa zaidi. Kliniki walipomuuliza kama amewahi kupata ajali, alisema hapana, kwa sababu ndivyo nilivyomfundisha.

Wiki iliyopita uoga ulinizidi, nikampeleka kwa daktari na kusema yote. Akatutolea mifupa ya plastiki, ile ya kufundishia. Mie miaka yote nilidhani nyonga ni mfupa mmoja tu. Kumbe ni duara. Kuna mifupa miwili mipana, huku na huku, imekutana mbele kwenye kinena, na nyuma imekamata mfupa wa mwisho wa mgongo, ule unaoishia kwenye kifandugu. Ubavuni mna vishimo ambamo vichwa vya mifupa ya paja vinazungukia. Mtoto anapita hapo katikati. Daktari akaingiza ngumi yake, ikapita. Halafu akasema duara kama lile likivunjika mbele, mara nyingi na nyuma limevunjika, na la Evarista liliunga limebonyea kushoto. Amempima. Kichwa cha mtoto hakitapita. Uchungu ukimkutia kijijini, tutawazika wawili. Amempangia upasuaji Alhamisi ya wiki ijayo.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda Mbalizi. Nikamkuta mkwe ameshafunga mzigo wa safari, kanga na beseni jipya. Nilipiga magoti sakafuni nikaeleza yote. Akasema hivi tu: "Mama Evarista, sisi tulikuja kuoa mtu. Mifupa mlituficha ya nini?" Akazifungua zile kanga, akazipanga upya kwenye mfuko wa kwenda hospitali. Wifi, bora angenitukana.

Sasa nakuomba mambo mawili. Daktari anataka picha ya eksirei ya wakati ule, ile uliyoificha nyuma ya kabati. Usimpe dereva wa basi, njoo nayo mwenyewe. Wewe ndiye uliyewajibu wale watu, na mkwe anataka akusikie. Ukitaka kunifokea, utanifokea ukishafika.

Kaka yako Kalinga anakusalimu, ingawa siku hizi chakula anakichezea tu. Nisalimie shemeji Zabron na mama Bahati jirani yako. Mungu akuongoze barabarani, akatuvushe Alhamisi hiyo.

Nilikuwa nifunge hapa, lakini acha nikuambie. Jana nilimwambia Evarista kwamba siku ya upasuaji nitakuwa naye. Akanitazama bila hasira yoyote, akasema: "Hapana, mama. Nitakwenda na mama mkwe. Kwake naweza kusema naumwa."



Ni mimi wifi yako, nikupendaye pamoja na aibu yangu yote,

Bertha