Injini Iliyokunywa Oili Yake

Godlove, fundi mwenye cheti,

Pokea salamu za baba yako mdogo, aliyeizima mashine ya kusaga kwa mikono yake mwenyewe. Haya, nimedanganya. Nilikimbilia migombani.

Juzi, uliporudi Majengo baada ya kuitengeneza, nilivuta kizimio, injini ikaendelea. Nikafunga dizeli, ndiyo kwanza ikanguruma, moshi wa bluu ukajaa kihamba kizima, nyumba na migomba yote. Nikakupigia, ukasema, "Baba mdogo, hiyo ni swichi tu." Swichi! Mashine ya kuwasha kwa hendeli ina swichi wapi, wewe?

Mama yako mdogo ndiye aliyesokomeza gunia lililolowa pale inapovutia hewa, ikafa. Nilipochomoa kijiti cha kupimia oili nilicheka: umeijaza mpaka shingoni, kama unayemmiminia mkwe pombe ya mbege! Ilikuwa inakunywa oili yake yenyewe badala ya dizeli.

Bomba la moshi limemuunguza mama yako mdogo mkono wa kulia. Amenikataza kukuambia.

Sasa, mimi ndiye niliyekusifia kwa wakwe zako kwamba una akili, na fadhila ya uongo ule hujanirudishia. Jumamosi njoo umkatie mama yako mdogo majani ya ng'ombe wake. Spana ziache huko huko.

Baba yako mdogo,
Eliufoo