Chiriku na Makofi Yetu

Jumapili, 2 Machi
Chiriku amecheza tena leo. Kwenye kona yake, nyuma ya nguo ninazowashonea wateja wangu — visigino juu, miguu kaipishanisha, jasho puani. Bibi yake akamwita jirani aje aone. Tukapiga makofi sote, akacheka. Miaka sita, hajasema neno, lakini kucheza anajua! Baba yake alimwita Chiriku, ndege mwenye kelele, alipokuwa mchanga, kabla hatujajua kwamba hatasema. Sasa jina limebaki kama utani mbaya.

Chupi nne zimechafuka. Siku ya kumi hii, kuhara hakuishi. Nimempa tena dawa ya kuzuia.

Jumanne, 4 Machi
Zahanati. Daktari ni binti mdogo, kavaa raba. Akambonyeza tumbo, kisha akauweka mkono wangu palepale. Gumu kama kiazi kibichi. Nikasema lakini anahara. Akasema hahari: choo kimejaa na kukauka, majimaji yanapenya pembeni. Na mimi nampa dawa ya kuzuia! Siku zote hizi!

Mara Chiriku akaanza kucheza mlemle. Nikaona aibu, nikasema anapenda sana kucheza. Daktari akamtazama kwa muda.

"Mama, huyu hachezi. Anabana choo kisitoke."

Akaeleza taratibu. Huenda siku moja aliumia akijisaidia, tangu hapo anaogopa, na mtoto aliyechelewa kama yeye hawezi kusema naogopa. Dawa ya kulainisha asubuhi na jioni. Akae chooni kila akimaliza kula, miguu juu ya kigoda. Asigombezwe. Ijumaa ikifika bila choo, alazwe, wamsafishe utumbo kwa mpira wa maji.

Tulimpigia makofi. Mwaka mzima.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia bibi yake. Kabisha, kawasema madaktari wa siku hizi. Baadaye nikamkuta anafua zile chupi, analia. Ningemfariji. Sikuweza, nilikuwa na yangu.

Chooni Chiriku kakaa dakika mbili, kapiga kelele hadi nikamshusha.

Alhamisi, 6 Machi
Hakuna kitu. Dawa kaitemea gauni la mteja, jeupe. Nimemgombeza. Niliambiwa nisimgombeze.

Ijumaa, 7 Machi
Saa nne asubuhi. Begi la hospitali liko mlangoni, baba yake kaenda kutafuta gari.

Baada ya uji amekaa chooni dakika kumi nzima, nimemshika magoti. Tumbo likanguruma. Nikasema moyoni, leo! Akashuka, akakimbilia kona yake.

Nimemfuata. Nimekaa sakafuni, daftari mapajani. Visigino juu. Nimembembeleza: achia, mwanangu, achia tu, mama nipo. Sijui kama anaelewa. Ananitazama, anasubiri. Anashangaa kwa nini leo simpigii makofi.

Bibi yake kachungulia, kageuka, karudi jikoni.

Mara tatu sasa Chiriku amenijia, kanishika mikono yote miwili, kaigonganisha — pa, pa — kisha karudi konani kuendelea. Nimeshika kalamu ili mikono iwe na kazi. Gari linapiga honi nje. Anakuja tena, anacheka, ameshanyoosha mikono