Mlango Mmoja, Rangi Nane

Karakana ya Useremala,
Nyuma ya Kiwanda cha Matofali.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Pokea salamu zangu tele, zenye vumbi la mbao, maana naandikia juu ya meza ya kazi. Kikohozi kimekuachia? Na unakula? Usiniambie tena kwamba chai ni chakula. Mimi ni mzima wa afya, ukiacha kidole gumba nilichokipiga nyundo juzi kwa furaha. Ndiyo, kwa furaha. Ngoja utaelewa.

Kasuku, mama yako ameshinda! Nilikusudia kuanza na habari za watoto kama ilivyo adabu, lakini nimeshindwa kujizuia.

Najua habari uliipata nusunusu, basi nianzie mwanzo. Lile shirika la kufufua mtaa, ambako mama yako, mama mdogo wangu, ni mtunza stoo, lilipewa fedha na wafadhili kukarabati zile nyumba kuukuu za nyuma ya soko. Sehemu ya fedha ilikuwa ya milango arobaini, ya wajane na wazee ambao milango yao imeoza hadi kuku wanapita chini. Wajane wakangoja weee, hawakuona hata bawaba. Wafadhili wakamtuma mkaguzi. Hapo mkurugenzi, yule tunayemwita Bwana Tai kwa sababu havui tai shingoni hata akipaka chokaa, akaapa kwamba milango yote ilifika, ikapigwa picha mmoja mmoja nje ya stoo, ikafungiwa ndani, kisha ikatoweka. Na funguo za stoo anazo nani? Mama yako.

Wiki tano hizo sitaki kuzikumbuka. Miaka kumi na mmoja ametunza stoo ile, idadi ya misumari anaijua kwa kichwa, leo wanawake bombani wakimwona wanavuta ndoo zao pembeni. Alisimamishwa kazi. Akaacha kuja hata kwangu. Na siku ile uliyompigia ukamuuliza kama kweli alichukua, alizima simu akaitia kwenye kopo la unga, akafunika. Sikulaumu, mdogo wangu. Uko mbali, na maneno ya watu yanafika haraka kuliko barua. Lakini uchungu ulimwingia, siwezi kukuficha.

Basi Alhamisi tukaitwa mkutano ukumbini. Mkaguzi mwenyewe ni mama mfupi, mkavu kama msumari, hacheki. Ukutani kabandika zile picha arobaini za milango. Nami unanijua, siwezi kupita mbele ya mlango bila kuutazama. Nikasogea. Ee Mungu wangu!

Sikiliza sasa, hili sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu, shemeji yako. Mwaka jana Bwana Tai aliniagiza mlango mmoja wa mfano, akasema ukipendeza nitatengeneza na mingine yote. Mimi na mkono wangu huu wa kushoto, nikajisahau, nikatoboa tundu la kitasa upande usio wake. Nikaliziba kwa kipande cha mti cha duara, nikapiga msasa, nikanyamaza. Fundi hatangazi aibu yake. Aliuchukua, akanilipa ule mmoja, baadaye akaniambia wafadhili wamejitoa, kazi imekufa. Nikaamini, nikaendelea na madawati yangu.

Sasa pale ukutani, picha ya kwanza, mlango wa bluu, na kiraka changu. Ya pili, wa kijani, na kiraka changu. Wa njano, kiraka. Mwekundu, kiraka. Picha zote arobaini, Kasuku!

Kusema kulinitisha, nakiri. Mwalimu mkuu aliyeniagiza madawati alikuwa amekaa mstari wa pili, na nusu ya wateja wangu nyuma yake. Nikamtazama mama yako, kajikunja kwenye kiti kama mgeni asiyealikwa. Nikasimama.

"Huu mlango nimeutengeneza mimi, na tundu hili nililikosea mimi. Haya niambieni, ni fundi gani anayekosea mara arobaini mahali palepale?"

Bwana Tai akacheka kidogo, akanyoosha tai yake, akasema milango ilitoka kiwanda kimoja, kasoro lazima zifanane. Watu wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Nikaona mambo yanaharibika. Ndipo mama yako, ambaye wiki tano hajatoa neno, akainua kichwa.

"Mlango wenye kiraka hicho uko ofisini kwake. Bawaba tatu nilimtolea mimi, zimo kwenye daftari."

Ukumbi mzima tukaingia kwenye ule ujia mwembamba, tunasukumana kama tumeitwa sadaka. Kweli, mlango wangu huo, umepakwa kahawia, unamlinda bwana mkubwa! Mfukoni patasi haikosi. Nikakwaruza: chini ya kahawia, nyeupe. Mkaguzi akasema tu nikwaruze tena. Kijivu. Tena. Njano, nyekundu, kijani, mpaka bluu na ile rangi ya maziwa niliyopaka mwenyewe. Rangi nane, picha tano kwa kila rangi, zimelaliana kama maganda ya kitunguu. Na kiraka changu pale pale, kinanitazama. Sijawahi kulipenda kosa langu kiasi hicho.

Bwana Tai amesimamishwa, nyaraka zimechukuliwa, na mlango nao umeng'olewa kuwa ushahidi, kwa hiyo sasa ofisi yake iko wazi kama nyumba za wale wajane. Mkaguzi kanionya nisimwite mwizi, nimwite mtuhumiwa, mahakama ndiyo itakayosema. Sawa. Basi siku za mtuhumiwa ni arobaini.

Mwalimu mkuu kaniongezea madawati kumi. Eti fundi anayesema kosa lake hadharani, yeye mwalimu anaziamini mbao zake. Shemeji yako anataka nipandishe bei, nimemwambia atulie.

Jana wamemletea mama mdogo funguo nyumbani, pamoja na barua ya kumwomba radhi. Barua hakuisoma mpaka mwisho. Alizifuta funguo kwa kanga yake, akaenda moja kwa moja stoo kuhesabu misumari. Imepungua miwili, na amekasirika kweli.

Shemeji yako anakusalimu, mapacha wetu wanakusalimu na wanaulizia viatu ulivyowaahidi, na bibi anasema anakuombea kila alfajiri. Mungu akulinde ugenini, akufungulie kila mlango wa heri.

Kuhusu mama yako, simu ameitoa kwenye unga, ameipangusa. Anaiweka karibu na sahani akila, na akiulizwa anadai anatazama saa, wakati saa iko ukutani mbele yake. Nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Akaokota nyuzi kwenye mkeka, halafu akasema, "Mwambie simu ina chaji."

Ukimpigia usianze na samahani. Anza na shikamoo.

Ni mimi dada yako nikupendaye kwa mkono wa kushoto na moyo wote,

Fundi Shoto