Vidonge Kwenye Trei ya Mayai

Jumatatu, 3 Machi

Kosa la wengi ni kudhani ugonjwa unaoonekana kwenye ngozi unakaa kwenye ngozi. Leo jirani yetu, fundi cherehani, ameniangalia pua akanishauri niisugue kwa limau. Nikaanza kumweleza. Miaka thelathini na minne ya kufundisha kemia haitoki mwilini. Nikamwambia ugonjwa wangu, sakoidosisi, si uchafu, si fangasi, wala haiambukizi. Ni askari wa mwili wanaokusanyika mahali pasipo na mwizi. Wakikusanyika puani, pua inakuwa nyekundu na ngumu kama yangu. Mapafuni, unakohoa. Machoni, unaweza kupofuka huku watu wanakupaka limau.

Akasema, "Haya, mwalimu, lakini limau halina hasara."

Vinundu vimerudi. Januari vilikuwa vimelala kabisa. Hata kovu la goti, la kuanguka na baiskeli nikiwa na miaka tisa, limevimba na kugeuka zambarau. Ugonjwa huu unapenda makovu ya zamani.

Uchovu. Kizunguzungu nikisimama. Umri, nadhani.

Alhamisi, 6 Machi

Kliniki. Daktari wa ngozi — binti mdogo, ananiamkia kama aliyewahi kukaa darasani kwangu — amebonyeza pua, miguu, goti. Akauliza kama nameza prednisoloni, dawa ya kuwatuliza hao askari, kila siku, vidonge vinne, bila kuruka.

Nikaudhika. Nikamweleza kwamba mdogo wangu hunipangia mwenyewe kwenye trei ya mayai, shimo moja siku moja, kwa kuwa sioni tena maandishi madogo ya chupa. Mdogo wangu alikuwa kwenye kiti cha pembeni. Akaitikia: hakosi hata siku moja, daktari, namsimamia mimi.

"Basi dawa imeshindwa," daktari akasema. Ameandika nyingine ya nguvu zaidi, ya kumeza mara moja kwa wiki, na damu ipimwe kila baada ya muda kwa sababu inaweza kuumiza ini. Nianze Jumatatu. Kizunguzungu sikukitaja.

Njiani mdogo wangu alinishika mkono mpaka nyumbani. Nilidhani ananihurumia.

Jumamosi, 8 Machi

Asali imeisha. Ni jambo dogo tu. Kwa wiki kadhaa mdogo wangu ananiletea vidonge kwenye kijiko cha asali, ati visinichome tumbo. Leo alienda sokoni mapema, nikajihudumia kwa maji. Kimoja kikagandia ulimini.

Prednisoloni ni chungu, uchungu unaobaki mdomoni. Hiki kilikuwa kichachu.

Katika maabara yangu hakuna aliyeruhusiwa kuonja kitu. Nilikuwa nimeshavunja kanuni, basi nikaendelea kwa utaratibu. Nikaponda kidonge kingine kwenye sahani, nikanyunyiza magadi ya jikoni na matone ya maji. Povu. Jaribio la asidi la kidato cha kwanza. Nikachukua cha shimo la Jumapili — povu. Cha Jumatatu — povu.

Vitamini C.

Nikakaa jikoni, trei mapajani, mpaka niliposikia geti.

Jumapili, 9 Machi

Jana nilirudisha trei mahali pake. Leo baada ya chai nimempangia sahani tatu mezani, nikamwomba atazame. Povu la kwanza tu, akakaa chini.

Amevibadilisha tangu mwanzo wa Februari. Wiki tano!

"Uso ulikuwa unavimba, dada. Ukawa kama wa marehemu mama mwezi wake wa mwisho. Siwezi kuuzika uso ule mara mbili."

Nikamweleza. Kwamba uvimbe ule huletwa na dawa, na hupungua daktari anapoipunguza pole pole. Kwamba mwili uliolishwa dawa hii kwa miezi husahau kutengeneza ya kwake, na ukiikata ghafla mtu anaweza kuanguka akafa. Kizunguzungu changu, basi, hakikuwa umri.

Akanisikiliza hadi mwisho. "Ndiyo maana sikukuambia," akasema. "Ungeeleza mpaka ningekubali."

Nikamuuliza nani mwingine alijua. Fundi cherehani. Ndiye aliyemnunulia hizo vitamini. Na Jumatatu alisimama mbele yangu kunihubiria limau!

Vidonge vya kweli hakuvitupa. Viko kwenye kopo lake la vifungo, vyote. Anasema atavirudisha kwenye trei kesho, vinne kama zamani, na daktari asiambiwe. "Usinivue nguo mbele ya mtoto yule, dada. Niliapa mbele yake."

Hata mimi niliapa. Kwa niaba yake.

Vidonge naweza kuvisamehe. Aliogopa. Kile kijiko cha asali ndicho nisichoweza — kila asubuhi, na "pole dada" juu yake, na mimi nikisema ahsante.

Jumatatu, 10 Machi

Jicho la kushoto limeamka jekundu, wekundu unaozunguka sehemu nyeusi. Mwanga wa dirisha unachoma kama moshi. Nimefunga pazia; mistari hii inapanda na kushuka.

Mezani kuna dawa mpya, niliyoandikiwa kwa sababu ya uongo. Ya zamani sijui niirudie kwa kiasi gani baada ya wiki tano. Hilo si la kujibiwa na mwalimu wa kemia, wala na kopo la vifungo.

Mdogo wangu amesimama mlangoni. Ana vidonge vinne kwenye kiganja, na glasi ya maji. Safari hii hakuna asali. "Ni vyenyewe, dada. Onja."

Sijanyoosha mkono. Yeye naye haondoi wake. Ametazama jicho langu, sasa anatazama simu iliyo karibu na daftari.

Najiandikia agizo: piga kliniki sasa, akiwa hapo hapo anasikia; sema hukuwa unameza dawa, na jicho linauma.