Fundi wa Madaraja Hajazikwa

Jumamosi, 4 Mei
Mchana huu nimekufa. Si mimi hasa – ni fundi wa madaraja, mzee ninayemwigiza kwenye mchezo wetu wa mtandaoni. Tunaucheza kwa kuandika: mmoja anaeleza mtu wake kafanya nini, mwenzake anajibu. Daraja lilikuwa linakatika, nikashikilia kamba mpaka wote wakavuka. Ukungu ukanimeza. Nikabaki kitini nikitazama pazia likipumua, kama mtu aliyeamkia nyumba ya ugenini.
Dereva wa lori, ambaye humo ndani ni malkia mwenye maringo, kaandika: Bibi umeniliza niko kwenye foleni ya mizigo, watu wananishangaa.
Mjukuu wangu ndiye mwanafunzi wa fundi. Hakuandika kitu. Nilimsikia chumba cha pili akifunga kompyuta.

Jumapili, 5 Mei
Kanuni yetu: aliyekufa haandiki tena, na hazikwi mpaka kila mmoja amuage. Wameaga wote. Bado mjukuu wangu.
Nimeuota ule mto chini ya daraja. Watu wamekalia mizigo yao, kimya, wanangoja.

Jumanne, 7 Mei
Jikoni kaniambia, "Bibi, mwambie daktari akurudishe." Daktari wa meno ndiye anayeuendesha mchezo, akitaka, anafufua. Nikaweka kisu chini nikaanza kueleza – ualimu hautoki kwa kustaafu. Nikasema fundi kafa wengine wavuke. Akirudi, kushikilia kwake kamba kunakuwa mzaha. Hadithi isiyopoteza mtu ni porojo tu. Nilijiona nimesema vizuri.
Akauliza, "Na Mama? Yeye alikufa ili nani avuke?"
Maji yalichemka mpaka sufuria ikakauka. Mama yake ni binti yangu. Aliugua, akafa humu humu nyumbani, basi. Mtoto huyu hakulia msibani, na sisi wakubwa tukamsifu kwa kujikaza.

Alhamisi, 9 Mei
Daktari kaniandikia pembeni: nimrudishe? Hakuna atakayenung'unika, hata malkia keshaanza kutengeneza dawa.
Nimemwomba anipe muda. Nikirudi, nitamfundisha mjukuu kwamba wafu hurudi ukibembeleza. Nisiporudi, namzikia mtu mwingine mbele ya macho yake. Nimeshinda dirishani. Hata miti ya barabarani leo naiona kama imesimama ndani ya maji.

Jumamosi, 11 Mei
Alasiri. Mjukuu kaja na kompyuta yake, kakaa sakafuni penye mwanga, kaegemeza mgongo kwenye magoti yangu. Kwenye skrini yangu sentensi zake zikaanza kuingia, moja moja. Mwanafunzi ameteremka mtoni. Amempata fundi. Anamfuta tope usoni kwa upindo wa nguo yake. Kisha:
"Mbona hukuniaga? Nilikuwa chumba cha pili."
Kwenye mchezo wetu hakuna vyumba. Kuna mto na ukungu tu.
Daktari kauliza pembeni: Bibi, unajibu?
Aliyekufa haandiki. Lakini mgongo huu unatetemeka kwenye magoti yangu, na ile alama kwamba anaandika inawaka, inazimika, inawaka. Naandika haya kwa mkono wa kulia. Wa kushoto uko kichwani kwake, na hajauondoa.