Taa za Lori Kwenye Gari Dogo

Philémon, mke wangu Godelive nusura aungue garini, hapa Bagira, mbele ya nyumba.

Zile taa za lori nilizofunga kwenye gari langu dogo zinataka volti ishirini na nne, gari lina kumi na mbili. Nikaunganisha betri mbili zifuatane, chini ya kiti. Godelive alikuwa amekaa juu ya kiti hicho!

Kisha, kwa mazoea, nikafunga waya wa hasi wa kila betri kwenye bodi ya gari. Zote mbili, badala ya moja! Betri moja ikapiga shoti, waya ukawa mwekundu.

“Papa Aloys, kiti inawaka!”

Nikamvuta nje, nikang'oa waya kwa koti.

Sasa anawaambia majirani waliotoka salongo, ile kazi ya usafi wa mtaa: “Muzee yangu alisoma umeme ku masomo ya magaribi, ile ya jioni. Bila yeye ningelikufa!”

Wananipigia makofi, Philémon, na mimi nauficha ule waya ndani ya koti.